Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: wapasuaji wa ubongo wa Kusini wako wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mikindani. Ile ahadi ya kufundisha wapasuaji wa ubongo huku Kusini ilitolewa jukwaani msimu wa korosho uliopita, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hatukutaka kukusumbua kwa kukumbushia, tunajua una mengi. Sasa nakumbushia.

Mpwa wangu ameanguka na bodaboda barabara ya Naliendele. Alifika hospitali anaongea, akaomba hata chai. Mara akaanza kutapika, usingizi mzito ukamchukua, na mboni ya jicho la kushoto ikatanuka ikabaki vilevile hata alipomulikwa tochi. CT-Scan ikaonyesha damu imevilia kati ya fuvu na utando wa ubongo. Dawa yake ni moja: fuvu lifunguliwe upesi, damu itolewe, mshipa uzibwe. Sisi tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita 550, Mheshimiwa, na damu haisubiri watu wavuke Rufiji! Yu hai, alhamdulillahi. Mkono wa kulia haumtii, na jina langu hawezi kulitamka. Gharama sizitaji. Shamba la mikorosho nimeuza, basi.

Daktari kijana wa zamu hakunificha. Kutoboa fuvu alifundishwa kwa mfano wa plastiki, na plastiki haivuji damu. Hata maiti haivuji, wala ubongo wake haudundi na kuvimba mbele ya macho yako. Ndiyo maana kwingine mpasuaji mpya hupewa kwanza nguruwe au kondoo aliye hai, kalazwa kwa nusu kaputi, ajifunze kuzuia damu inayotoka kwelikweli. Mnyama mwenyewe haamshwi tena. Najua fuvu la kondoo si la mtu. Lakini mkono utakaotetemeka, afadhali utetemekee huko.

Haya, nguruwe huku kwetu mtazua maneno. Mbuzi je? Nahisi kikwazo ni kibali, au mnaogopa kuambiwa mnatesa wanyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 si ipo? Madaktari wa mifugo wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, si wapo, wawasimamie? Na hawa tunaowachinja kila Idi na kila jando, nani aliwahi kuwapa nusu kaputi?

Nilitaka kuomba na vitanda, na gari la wagonjwa, na ile mashine ya kutobolea. Acha. Naomba mkufunzi mmoja aje Mtwara, na chumba cha kufundishia. Mkufunzi tu, Mheshimiwa. Kama ni bajeti ya mbuzi, msihangaike: nimebakiwa na majike mawili na beberu. Niambieni niwapeleke wapi, na lini.

Wako mtiifu, bado,
Mkazi wa Mikindani, Mtwara