Tusirudi kwenye kususiana

Mhariri,

Nina duka hapa Wete, Pemba. Baada ya uchaguzi wa 1995, mtu wa CUF, chama cha upinzani, hakununua kwa wa CCM, chama tawala, wala wa CCM hakupanda gari la wa CUF. Hata maziko tulisusiana, Waislamu sote! Maridhiano ya Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF ya Novemba 2009, kisha kura ya maoni ya Julai 2010 ya kuunda serikali ya umoja wa kitaifa, iliyokubaliwa kwa zaidi ya asilimia 66, yakatupa pumzi.

Siku hizi nasikia tena vijana, ambao 1995 hawakuwa wamezaliwa, wakiulizana chama kabla ya kununua sukari. Wakubwa wa CCM na wa ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif kutoka CUF, waje Wete, gari moja, wakae barazani kwangu. Kahawa nitalipa mimi.

Muuza duka,
Wete, Pemba