Masanja, ukipita Kariakoo

Igoma, Mwanza

Ndugu yangu Masanja,

Habari za Dar? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tunamshukuru Mungu. Mama mkubwa anakusalimu sana, na ile kesi ya kiwanja imeisha kwa amani, nitakusimulia siku nyingine. Leo nina shida.

Inveta, ile mashine ya kuchomelea vyuma, imekufa, na fremu za vizimba vya sato za yule mteja wa Luchelele zimeishia katikati. Tulikuwa tunachoma vizuri tu, rodi ya 2.5, ampea 80 hivi, mara ikalia "pa!" na swichi kuu ikaanguka. Ukiiwasha tena, inaangusha tena. Fundi mmoja akaichungulia juu juu akasema ni transista, zile swichi za umeme za ndani, lete hela, kesho uje uchukue. Nikakataa. Transista zimekufa kweli, lakini nani kaziua? Ukiweka mpya kabla hujamjua muuaji, siku hiyo hiyo unazika na hizo mpya.

Nikaifungua. Kwanza nikamaliza chaji ya kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme, kwa balbu, maana zile zinaweza kubaki na volti 300 na zaidi hata waya ukishachomolewa, na unakumbuka yaliyompata Doto. Masanja, humo ndani inatia huruma! Vumbi la grainda limejaa kila kona, limeshikana na wale wadudu wa ziwani wanaosonga taa usiku. Feni imewavuta wote ndani. Vumbi lile ni chuma, linapitisha umeme, na miguu ya transista imekaribiana. Ongeza unyevu wa huku kwetu. Feni nayo inazunguka kwa kujikongoja.

Daraja la dayodi, lile linalonyoosha umeme wa ukutani, nimelipima, ni zima. Kapasita hazijavimba. Transista za upande mmoja zimeshoti zote. Nikazing'oa, za upande wa pili pia. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu transista ikishoti, umeme mkubwa hurudi kupitia geti lake, ule mguu wa kuiamrisha, hadi kwenye saketi inayoiamrisha. Nilikuta rezista za geti upande ule zimekatika, moja imeungua hata rangi zake hazisomeki, na zena, zile dayodi za kulinda geti, zimeshoti. Yule fundi angezipachika mpya juu ya uozo huo! Hivyo vidogo nimeshabadilisha. Kulwa akaja na osiloskopu yake, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, tukaipa bodi umeme mdogo wa pembeni, tukakuta mawimbi ya geti pande zote yanafanana. Nilifurahi mno.

Sasa zimebaki transista zenyewe, ndiyo maana nakuandikia. Ni FGH40N60SFD, nahitaji nane. Chukua zote za bechi moja, kwa sababu zinafungwa sambamba na kugawana mzigo. Moja ikiwa tofauti, inabeba kupita kiasi. Za bandia ni nyingi. Sugua maandishi kwa pamba yenye asetoni, yakifutika usinunue. Kama una mita ya kupimia kapasita, pima geti za zote nane, zisipishane sana. Niongezee feni ya volti 24 na ile grisi nyeupe ya kupakwa kwenye hitisinki, lile bati la kupoza transista. Tafadhali usikubali "hii inafanana nayo."

Zikifika, siwashi moja kwa moja. Napitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya waya, wati 100, iliyofungwa mfululizo na mashine. Ikimweka kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti mahali, nazima, na transista zako zinakuwa zimepona. Na nikimaliza, grainda inahamia upande wa pili wa banda. Nimeshawaambia vijana wote.

Mteja anapiga simu kila asubuhi. Sina hasira naye, vifaranga vya sato ameshavilipia.

Lile duka la ghorofani alilotuonyesha Maduhu bado lipo? Wanakubali kurudishiwa mali? Nane zitafika bei gani, nikutumie hela kwa simu leo? Mgongo wako vipi, uliacha kubeba mizigo? Na Mwanza unakuja lini, au Daraja la Magufuli pale Kigongo utaendelea kuliona kwenye picha tu? Ukishanunua, unaweza kumkabidhi dereva wa basi la jioni siku hiyo hiyo?

Ni mimi nduguyo,
Mabula