Mdogo wangu, ilikuwa mgao

Mdogo wangu,

Ule ujumbe umenifikia na mimi. "Ndugu yako ni mdaiwa sugu, mwambie alipe leo kabla hatujasambaza picha zake." Shangazi kaupata, wifi kaupata, hata dada anayekusuka kaupata, kanipigia anauliza kama uko salama. Ndivyo zilivyo hizo programu za mikopo ya simu. Siku uliyobonyeza kukubali masharti uliwakabidhi na majina yote uliyoyahifadhi, kuanzia mjomba hadi mama wa genge.

Pole. Naanza na pole kwa sababu huko mbele sijui kama itabaki. Simu zangu hupokei, na kule kwingine umenifungia tangu arobaini ya mama, lakini hapa unapita, nakuona, mara moja moja kidole kinateleza unaacha alama ya kupenda. Basi nimeandika hapa. Jina lako silitaji, na wanaokufahamu wote wameshatumiwa ujumbe, kwa hiyo usije ukasema ni mimi niliyekuanika.

Kumbe umekopa kausha damu. Wewe, mtu wa ofisini, mhasibu! Wifi ananiambia uliomba laki tatu, ikaingia pungufu maana walishakata chao juu kwa juu, na wiki haijaisha wanataka laki tatu kamili na nyingine juu yake. Ukaenda kukopa kwa wengine ili uwalipe wale. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Hukuisoma? Isome leo, na kama wako wamo, hapo una pa kuanzia malalamiko. Hilo la kutangaza deni lako kwa kila mtu nalo lina pa kupelekwa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usiendelee kuwalipa kwa kuogopa picha. Picha gani yenyewe, ile ya pasipoti? Ulipendeza pale.

Tuje kwenye hela inakokwenda. Mshahara wako unanizidi mara mbili na zaidi, mimi nakanyaga cherehani, na sijawahi kukuonea kijicho. Lakini nilipokuja kwako Dodoma nililiona jiko lako. Mafuta ya kula unatuma mtoto akapime kwa Mangi, leo kikombe, kesho kikombe. Sabuni ya unga ni vile vipakiti vidogo vya kufulia mara moja. Bando ni la siku, kila siku. Chipsi zinaletwa na bodaboda. Nikikuuliza, unasema "ni buku tu, dada". Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayenunua ghali kuliko sisi wote, na Mangi analijua hilo vizuri, ndiyo maana anapima. Asiye nacho hana namna, hela ya dumu haijawahi kukutana mkononi mwake. Wewe unayo hela ya dumu siku ya mshahara. Wiki moja baadaye huna hata ya kikombe.

Hapa kwetu tumejikusanya wanawake watano, tunachanga, dumu la lita 20 linatoka Kariakoo, tunagawana kwa chupa moja ya kupimia ili asinung'unike mtu. Mchele tunanunua baada ya mavuno, ule wa Kyela ukishashuka mjini kwa wingi, kwa sababu ukisubiri Februari utaununua kwa bei ya hasira. Maharage nayaloweka jioni, asubuhi namwaga yale maji, nachemsha sufuria kubwa ya wiki nzima. Yakishatokota nusu saa nafunika, nashusha sufuria ndani ya kapu lililojazwa blanketi kuukuu, na humo yanamalizikia kuiva gesi ikiwa imezimwa. Nagawa kwenye makopo, yanaingia friza. Wewe ulilicheka lile kapu. "Dada anatamia maharage." Na mimi nilicheka, ile ilikuwa nzuri, mpaka leo nikifunua kapu naikumbuka.

Na luku. Tuongee luku, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mita yangu iko kwenye daraja la matumizi madogo. Mpaka uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Piga hesabu, ni kazi yako: zile 75 ni shilingi 7,500, ukiongeza 40 tu, hizo 40 peke yake zinakula 14,000, na hapo makato mengine sijayataja, wala ile 1,500 ya kodi ya jengo inayochukuliwa kila mwezi ukinunua umeme. (Ninyi wengine mnaosoma, msiniandikie kuniuliza namna ya kuingizwa kwenye daraja hilo, nendeni ofisi za Tanesco.) Ndiyo maana nguo za wiki napiga pasi siku moja. Ndiyo maana taa ya barazani inazimwa mtu wa mwisho akishaingia. Friji sijawahi kuizima usiku, huo ni uzushi wako na umeufikisha hadi kwa wakwe. Friji yangu nimeipanga chupa za maji mpaka juu ili ishike baridi, na watoto wanajua mlango wake haufunguliwi kwa kutafakari.

Ubahili ni kumnyima mtu. Nani nimemnyima? Ada ya kidato cha tano ya mwanao ilitoka kwenye kikoba changu. Hukuirudisha na sikuidai, nimeitaja tu.

Arobaini ya mama iliangukia mwishoni mwa Januari 2024. Unakumbuka sukari ilivyokuwa mwezi ule. Mvua zilikuwa zimejaza maji mashamba ya miwa, Bodi ya Sukari imetoa bei elekezi, rejareja isizidi 3,200 kwa kilo, na dukani wanakuuzia zaidi ya elfu nne huku wameificha chini ya kaunta. Kwenye msiba wetu watu walikunywa chai asubuhi na jioni na hakuna aliyeulizwa anaweka vijiko vingapi, kwa kuwa mfuko ule niliununua kabla haijaadimika. Wewe ulikuwa uani kwa shangazi, umekalia mbuzi unakuna nazi, kikombe cha chai hiyohiyo kiko pembeni ya mguu wako. Shangazi akasema mama alikwenda kwa utulivu. Ukajibu bila kuinua uso.

"Alikwenda gizani. Dada alikuwa anaokoa uniti."

Aliyekuwa anakoroga pilau aliacha kukoroga. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekukemea. Binamu yetu mmoja akaanza kuongea habari za vitunguu, bei ya vitunguu, vitunguu vya Singida. Nikaingia ndani nikahesabu sahani zilizokuwa zimeshahesabiwa. Na nyinyi mkaendelea, nikasikia nazi inakunwa tena.

Siku ile sikukujibu. Nakujibu sasa. Desemba ile nchi ilikuwa kwenye mgao. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umekuja kuwashwa Februari, mama ameshalala Kisutu. Usiku ule umeme ulikatika baada ya isha, mtaa mzima, ungesimama barazani usingeona geti la jirani. Niliwasha ile taa ya sola, ikaishiwa chaji usiku wa manane, nikawasha mshumaa. Umeme ulirudi kabla ya alfajiri. Balbu ya chumbani ikawaka ghafla, mwanga ukampiga usoni, mama akageuza kichwa ukutani. Nikaizima. Nikaacha ya ukumbini inamulika kupitia mlangoni. Niliizima kwa sababu aligeuza kichwa. Kwenye mita uniti zilikuwepo za kutosha, asubuhi yake niliziangalia.

Niliyemgeuza ubavu tangu Ramadhani, niliyemlisha uji kwa kijiko cha mtoto, ni mimi. Wewe ulifika kaburi limeshamwagiwa maji. Najua basi lenu liliharibika Gairo. Sijakulaumu kwa hilo hata siku moja.

Halafu huyo mama unayemtetea kwangu ndiye aliyenifundisha haya yote. Mwaka 1983 nilikuwa nashika pindo la kanga yake kwenye foleni ya duka la kaya, tunasubiri sukari ambayo haikuwa na uhakika wa kutufikia. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Sabuni ilipokosekana nguo zilisuguliwa kwa majani ya mpapai, na ilipopatikana, vile vipande vya mwisho vinavyoteleza mkononi alivikanda pamoja kikatoka kipande kipya. Wewe ni mtoto wa Ruksa, wa enzi za Mzee Mwinyi, mdogo wangu. Umefungua macho maduka yamejaa. Mama hakukufundisha lolote, sijui alikuwa amechoka au alifurahi tu kuona mmoja wetu hahesabu. Ulikuwa unatia vijiko vinne kwenye kikombe yeye anakutazama anatabasamu. Mimi cha pili tu, nilipigwa kofi la mkono.

Nimefuta hiyo sentensi, nimeirudisha. Ibaki.

Kwa hiyo sikiliza. Chukua karatasi, andika kila unayedaiwa, kiasi ulichopokea mkononi, si kilichoandikwa, na kiasi ulichokwisha lipa. Usikope kwingine kuziba hapo, hata akitokea rafiki. Mafuta nunua lita tano siku ya mshahara, uyafungie kabatini kama una mtoto mwenye mkono mrefu. Bando la mwezi, basi. Jiko lako lina friza tupu yenye barafu na samaki mmoja, itumie. Nilipokuwa hapo nilitaka kukuambia haya ukaniwekea sauti ya televisheni.

Kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao. Hisa zangu nilizipangia bati za uwani, bati zitasubiri mvua zipite. Nitakulipia wale wa kwanza wote mpaka wafute namba yako. Sitatuma kwa simu, kwanza makato, pili nakujua. Njoo mwenyewe na hiyo karatasi. Treni ipo siku hizi, panda daraja la kawaida, viti vyake vizuri tu, na ule nyumbani kabla hujaondoka.

Ila kabla ya kwangu utapita kwa shangazi. Nimeshamwambia, Jumamosi saa kumi, wana mkutano wao uani pale, watakuwepo karibu wote waliokuwepo siku ile, na yule wa vitunguu nimemwalika mimi. Uwaambie kulikuwa na mgao. Hayo ya balbu tutaongea mimi na wewe.