Usilete mchezo mzima

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa mwaliko. Umeniuliza uje na nini kwenye tamasha. Kwanza, wewe ni mgeni mwalikwa, si mgeni rasmi. Hotuba waachie wenye kukata utepe. Watu watakuja mezani kwako kucheza, na mchezo wako wa mezani wa majahazi ulivyo sasa ni mrefu mno, hauwatoshi wote. Kwa hiyo usilete mchezo mzima. Leta dakika ishirini zake.

Piga hesabu. Meza ni yako kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Toa saa moja ya swala ya adhuhuri na chakula, zabaki dakika 300. Mchezo kamili, wa watu wanne, ni dakika 75, na kuupanga na kuufunza ni 30 nyingine. Basi siku nzima utacheza mara mbili, watu wanane, na wa tatu utawakata katikati. Lakini ukifunza kwa dakika tano, wakacheza ishirini, ukapanga upya kwa tano, unapata awamu kumi. Hao ni watu arobaini.

Namna ya kuukata ndiyo penye kazi. Wengi hupunguza rundo la karata kwa kuchomoa hovyo, halafu mezani tende zinatoka na hakuna bandari ya kuzinunua. Ukitoa, toa bandari nzima pamoja na shehena zake zote, ili uwiano ubaki. Kisha anzia pale upepo unapogeuka: kila jahazi lishapakia shehena mbili, fedha ziko mkononi, imebaki mizunguko mitatu. Mtu anayeanza katikati ana jambo la kuamua papo hapo, hangoji zamu nne za kujijenga. Tengeneza bahasha nne, moja kwa kila mchezaji, ndani mna jahazi, karata zake za mwanzo na fedha zake, na juu ya bahasha umeandika idadi ya kila kitu. Fanya seti mbili. Moja ikichezwa, nyingine iko tayari chini ya meza, na wakati wa kukusanya utajua mara moja kama kuna kipande kimepotea. Chukua na vipande vya akiba, kwa sababu watoto watakuwepo.

Bahasha ziwe za karatasi, au vifuko vya nguo vya kamba. Vile vifuko vya plastiki vinavyokuja na michezo kutoka nje viache nyumbani. Huko kwenu mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, huku tuliwatangulia tangu 28 Agosti 2017, na faini yake hapa inaweza kufika shilingi milioni nne. Za Kenya, si za Dar! Hakuna haja ya kubishana na askari mpakani kwa ajili ya pakiti ya dadu.

Sasa karata. Hewa ya hapa unaijua, na ukumbi una baraza wazi upande wa bahari. Ukichapisha kwenye karatasi nene ya gramu 300 ukaipaka plastiki upande wa picha tu, kufikia adhuhuri kila karata imekuwa mtumbwi. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, plastiki haitanuki, basi karata hujikunja kuelekea upande wa plastiki. Paka pande zote mbili au usipake kabisa, uvalishe kila karata mfuko wake mwembamba. Kipimo cha 63 kwa 88 mm ndicho ambacho mifuko yake haisumbui kupatikana, na A4 moja inakutolea karata tisa, yaani rundo la 54 ni karatasi sita. Na ukilala chumba chenye kiyoyozi, usifungue boksi mara tu ukifika barazani. Plastiki baridi hutoa jasho na karata zinagandana. Liache limefungwa nusu saa.

Kuna pangaboi juu ya meza, na likizimwa upepo wa bahari utaziba pengo. Weka rundo la kuchukulia ndani ya kisanduku kisicho na mfuniko, na fedha za mchezo zisiwe noti za karatasi. Tumia komwe. Ni nzito, hazipeperuki, na kila mtu hapa mkono wake umezizoea toka kwenye bao. Dadu zitupwe ndani ya sinia dogo lililotandikwa kitambaa, la sivyo utashinda umeinama chini ya meza, na sinia tupu linapiga kelele za harusi.

Meza itandike kitambaa cha rangi moja, kizito kidogo, cheusi au kijani. Karata kwenye meza tupu haiinuliki bila kukwaruza kwa kucha. Najua utashawishika kununua leso Biashara Street. Nunua, umpelekee mkeo. Mezani maua yake yatameza karata zako, na watu wataanza kusoma jina la leso badala ya kanuni.

Kufunza: usisome kijitabu. Sema kwanza mtu anashinda vipi, kisha zamu ina mambo gani: pakia, tweka, uza. Basi. Zamu ya kwanza wacheze karata wazi. Dhoruba usiieleze kabla, iweke karata ya tatu kutoka juu ili itoke mapema, uieleze inapotokea. Baada ya hapo nyamaza. Hili ndilo litakalokushinda, nakufahamu. Mbunifu anayeshauri kila zamu anacheza peke yake kwa mikono ya watu wanne.

Jambo moja lirekebishe kabla ya kuchapisha. Karata yako ya tende za Basra umeitia upande wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Majahazi ya Arabuni na Ghuba zamani yalishuka huku kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Novemba hadi Machi, na tende, chumvi na samaki wakavu. Kwa kusi ndipo yaliporudi, na boriti za Lamu. Na katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari imechafuka na jahazi hukaa bandarini, kwa hiyo mzunguko wako wa tano haupaswi kuruhusu safari ndefu hata kidogo. Hapa Mji wa Kale usidhani litapita. Atatokea mzee mmoja, atachukua karata, ataisogeza mbali na macho aisome, na mchezo utasimama.

Swali la bao nalo litakuja: kwa nini tununue huu na bao tunalo? Usilipinge bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na watazamaji kumi ambao nao wanacheza kwa midomo. Jibu zuri ni kuonyesha kwamba hata kwako mtazamaji anaona hali yote ya mchezo akiwa amesimama. Ndiyo maana nakusihi thamani za shehena ziandikwe kubwa, zisomeke kutoka mita mbili.

Jina lako lihamishe kutoka nyuma ya boksi liende mbele. Mwaka 1988, huko Nürnberg, Ujerumani, wabunifu 13 wa michezo walitia saini kwenye kipande cha kadibodi cha kuwekea glasi ya bia kwamba hawatampa mchapishaji mchezo kama jina la mbunifu halitakuwa juu ya boksi. Wewe unajichapishia mwenyewe, halafu umejificha chini ya orodha ya vipande! Watakaotaka saini, watilie ndani ya mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, ungoje ukauke kabla ya kufunga. Kwenye uso unaong'aa, kidole chenye jasho kinaifuta.

Baada ya kila awamu usiulize kama wameupenda. Hapa utaambiwa mashallah, mzuri sana, na hutajua lolote. Uliza: ulikwama wapi? Zamu ipi ulingoja kwa muda mrefu? Andika saa ya kuanza, ya kumaliza, na jibu hilo, mstari mmoja tu.

Barua ya mwaliko ishike mkononi pale mpakani, Horohoro na Lunga Lunga, na nakala za kuuza uzitaje kwa forodha, usizichanganye na ile ya kuonyesha. Ukishuka Likoni, boksi liwe mgongoni, si kwapani, maana kwenye feri watu husukumana. Kwa mguu hulipi kitu.

Sinia ninalo, na komwe ninazo kama mia mbili. Usibebe. Niambie tu basi lako linafika saa ngapi.

Wako,
Sahibu yako wa Kibokoni