Acheni solo iishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watangazaji wa redio zetu, hasa wenye vipindi vya zilipendwa, kuhusu solo, yaani ile sehemu ya wimbo waimbaji wanaponyamaza likabaki gitaa. Ila nitaanzia mbali kidogo, Italia.

Jumamosi iliyopita tulikusanyika watu watano kwenye kibanda cha fundi redio hapa Isevya, tukatazama onyesho la David Gilmour, mpiga gitaa la solo wa bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd, lililorekodiwa kwenye uwanja wa kale wa Warumi huko Pompeii Julai 2016. Wengi wakisikia neno roki wanawaza makelele. Pink Floyd ni wa ile roki ya progresivu, nyimbo ndefu zinazohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila papara, na Gilmour mwenyewe ni mtu wa noti chache. Mwaka 1971 bendi hiyo ilipiga kwenye uwanja huohuo bila watazamaji, wakiwa na mafundi na kamera zao tu. Miaka 45 baadaye Gilmour alirudi na bendi yake akiwa na umri wa miaka 70, na safari hii watu wapatao 2,600 kila usiku walisimama palepale palipofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79.

Mhariri, wimbo wa mwisho, Comfortably Numb, ulitufunga midomo. Waimbaji wanamaliza, linabaki gitaa. Tazama mkono wa kushoto: anakamata noti moja na haikimbii. Anausukuma uzi juu taratibu, sauti inapanda, inapanda, inafika anapotaka, halafu anaitetemesha hukohuko juu hadi unahisi kifua chako kinavutwa nayo. Uso umekunjamana kama wa mtu aliyebeba gunia begani. Fundi wetu alikuwa na redio ya mteja magotini na chuma cha kulehemu mkononi. Chuma kilifuka moshi, yeye macho kwenye skrini. Solo ilipokwisha tukaomba irudishwe. Tuliirudia mara tatu.

Kati yetu alikuwemo mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la rithim kwenye bendi ya dansi. Alikuwa hajawahi kumsikia Gilmour maishani mwake. Akasema, "Huyu haongei sana, lakini hamezi maneno." Nimesoma sifa nyingi alizopewa Gilmour, na majarida ya wapiga gitaa huitaja solo ile miongoni mwa zilizo bora kabisa, lakini hakuna sifa iliyonigusa kama hiyo ya mzee. Lile gitaa lake jeusi aliliuza mnadani New York mwaka 2019 kwa dola 3,975,000, na fedha za mnada ule akazitoa kwa shirika linalopigania mazingira. Mimi ningempenda hata kama lingeuzwa bei ya kuku.

Sasa nije kwetu. Tabora ni mji wa magitaa. Hapa palikuwa na bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, palikuwa na Nyanyembe Jazz, palikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Nyimbo nyingi za enzi hizo ziligawanywa kwenye pande mbili za santuri ndogo: upande wa kwanza watu wanaimba, unageuza, upande wa pili magitaa yanachemka. Kuondoka kabla ya upande wa pili ilikuwa kama kuondoka shughulini kabla ya pilau.

Leo tunaondolewa kwa nguvu. Mtangazaji anatuwekea beti mbili na kiitikio, na solo ikigusa tu anashusha sauti, anaanza salamu. Juzi asubuhi ulipigwa wimbo ambao marehemu kaka yangu aliupenda sana. Alikuwa akiifuata solo yake kwa mdomo, noti kwa noti, huku ananyoa ndevu. Nikaacha chai, nikapandisha sauti ya redio, nikasimama karibu nayo kabisa. Noti ya tatu, ya nne, mara tangazo la magodoro. Nilikaa chini nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea asubuhi ile.

Nawaomba kaka na dada zangu wa redioni: zile dakika mbili za gitaa si nafasi tupu. Kuna mtu aliketi na gitaa siku nyingi mpaka vidole vikaota sugu ili azipate. Acheni ziishe, kisha mtutajie jina la aliyepiga, kama mnavyotutajia mwimbaji. Salamu zitasubiri, na sisi wenye kusalimiwa tutasubiri pia.

Jumamosi hii fundi atawasha tena saa kumi jioni, na mzee ameahidi kuja na gitaa lake, akishapata uzi mwingine badala ya ule uliokatika. Mtangazaji yeyote atakayepita Isevya aulize kibanda cha fundi redio chini ya mwembe. Benchi lina nafasi.

Wako,
Msomaji wa Isevya, Tabora