Vitanda 40 ni bweni

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Baada ya salamu: barua nimeipata, na mchoro wa jengo unalotaka kuwajengea watu wenye ulemavu wa akili pia. Mzuri, sikatai. Ila vitanda 40 ni bweni, shoga, hiyo si nyumba.

Unamkumbuka ndugu yangu Sefu, naye ana ulemavu huo, aliporudi kutoka kile kituo tulikompeleka? Miaka mitatu kalishwa, kavishwa, hakupigwa. Wiki ya kwanza nilimkuta kasimama kando ya mtungi, kikombe mkononi, anamtazama mama. Anasubiri ruhusa ya kunywa maji. Mtu wa miaka 26, kwao!

Ndiyo maana nimependa walivyoanza wale wa L'Arche, Ufaransa. Mwaka 1964 Jean Vanier aliwatoa wanaume wenye ulemavu wa akili kwenye taasisi kubwa, wakahamia kijumba kikuukuu kijijini Trosly-Breuil, umeme hakuna. Walikuwa watatu, mmoja ikashindikana mapema, akarudishwa. Wakabaki Raphaël Simi na Philippe Seux. Wanapika wote, wanakula meza moja. Leo jumuiya zao zimepita 150, hata Kampala ipo.

Sasa sikiliza lililoninyima usingizi. Vanier alifariki 2019, wengi wakimwita mtakatifu. Mwaka uliofuata L'Arche wenyewe wakatangaza matokeo ya uchunguzi: alikuwa akiwadhulumu wanawake kingono kwa kisingizio cha kuwaongoza kiroho. Ripoti ya 2023 ikataja wasiopungua 25. Waliojulikana hawakuwa na ulemavu wa akili, sawa. Lakini kina Sefu wangemshtaki kwa nani, naye ndiye mwenye nyumba, mwenye jina, mwenye kila kitu?

Nakupenda, Mwanaidi, ila usishike peke yako funguo, daftari la pesa na neno la mwisho. Tafuta mtu wa nje asiyekuogopa, awe anakuja bila kupiga simu, akae na wakazi wewe haupo. Ukiudhika, udhika tu.

Na uanze na nyumba ya marehemu shangazi pale Ngamiani, watu wanne, siyo zaidi. Mlango wa choo mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti; fundi auvunje kabla hujanunua hata godoro.

Sefu nimemsomea barua yako yote. Kauliza swali moja: chumba chake kitafungwa kwa ndani au kwa nje? Nijibu upesi, kila asubuhi ananiuliza.

Wako,
Zuhura