Kidonda mdomoni, basi

Ndugu Mhariri,

Mimi ndiye wanayeniita Mama Rejista katika kituo kimoja cha afya hapa Katuba, Lubumbashi. Mwaka wa kumi na moja sasa napokea fishi za wagonjwa na kutia pembeni namba ya ugonjwa, ile ya CIM-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani chenye orodha ya magonjwa. Sisi tunaiita kodi. Majirani wakinisikia nikisema "leo nimetia kodi arobaini", wanadhani natoza ushuru sokoni!

Malaria hainisumbui. Kilio changu ni mdomo. Fishi inafika na maneno mawili: "kidonda mdomoni". Kiko kwenye ulimi au ufizi? Kina siku ngapi? Hakuna. Basi natia K13.7, kapu la "mengine yasiyotajwa", na kapu limejaa.

Utando mweupe unaokwanguka mara nyingi ni fangasi, B37.0. Usiokwanguka huenda ni lekoplakia, K13.2, na huo waweza kugeuka kansa. Vidonda vidogo vya duara vinavyopona na kurudi ni K12.0. Hata anayejing'atang'ata shavu ana namba yake, K13.1, sifanyi utani.

Mwaka jana mama mmoja alileta mtoto wa miaka 3, surua imemtoka juzijuzi. Fishi ilisema "stomatite", yaani uvimbe wa ndani ya mdomo. Nikaandika K12.1. Nilipoinua macho nikaona shavu la mtoto limevimba hadi linang'aa, na mama kajiziba pua kwa pembe ya kitenge. Nikarudisha fishi ndani. Muuguzi akaniuliza, "Mama Rejista, umekuwa daktari lini?" Daktari alipomfungua mtoto mdomo, ufizi ulikuwa mweusi. Ugonjwa huo unaitwa noma, unaozesha nyama ya mdomo na uso. Kodi yake ni A69.0, haimo hata kwenye kurasa za K, iko mwanzoni kabisa, pamoja na maambukizi.

Noma isipotibiwa huua watoto wengi, na anayenusurika hubaki na tundu usoni. Ikiwahiwa, antibiotiki, kusafisha mdomo na chakula kizuri huizuia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Sasa huku kwetu nani ataikumbuka, ikiwa ripoti ya mwezi inapanda zoni ya afya imeandikwa K12.1? Yule wa kwetu alihamishwa siku ileile, akapona. Waliopita kabla sijainua macho, siwajui.

Waganga wetu, naomba mniandikie mahali, rangi, na siku. Kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, niandikieni hivyo hivyo, mgonjwa apelekwe mbele.

Nilimwambia muuguzi maneno haya. Akanijibu, "Mama, nitaona nini bila tochi?" Kweli, ile ya chumba cha mashauri ilikufa tangu Pasaka. Nimeleta ya nyumbani. Betri nanunua mimi.

Mama Rejista,
Katuba, Lubumbashi